Mason wa Satwa

Kwenye basi la kutoka Satwa, Dubai, abiria wote hoi, yaya mmoja Mkenya aliyeketi mbele yangu alikuwa akiongea kwa spika ya simu na binti yake aliyejifungua huko nyumbani.

“Muite Mason,” alisema.

Zamani hilo lilikuwa jina la ukoo kwa Wazungu, maana yake mwashi. Siku hizi watoto hupewa kama jina la kwanza.

“Na jina la babu tulitupe, Mum?”

“Babu atangoja. Mason ni mtoto wa madam, ninayemlea. Nikimwita, anakuja mbio.”

Binti alisema, “Hata mimi ungeniita, ningekuja mbio.”

Yaya alizima spika, akaibana simu sikioni kwa mikono miwili.

Mtu akiniuliza majina haya ya kisasa yanatoka wapi, sina hamu tena ya kufungua kamusi.