Poda Niliyoijaribu Mkononi Mwangu

Nakumbuka siku moja ambayo kwa miaka mingi nimeapa kwamba kosa lake halikuwa langu. Leo nakiri, mwanangu: ni poda yangu iliyomharibu Upendo uso, wala si mafuta ya mama.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, naishi mjini, Ilomba, sina kazi ila nina maoni. Mdogo wangu Upendo alikuwa anaagwa nyumbani Kilolo kwenda kuolewa, nami nikaahidi kumtengenezea poda mwenyewe. Nilitwanga udongo mweupe, nikaukaanga mpaka ukakauka kabisa, nikauchanganya na unga wa zinki wa duka la dawa na udongo mwekundu kidogo kidogo, nikachekecha kwa mtandio mpaka ikawa laini kama unga wa uji wa mtoto. Rangi niliipima kwenye mkono wangu. Tumezaliwa tumbo moja, nikajiambia, ngozi ni ileile. Mengi nilifundishwa chuoni. Hilo nililigundua mwenyewe.

Asubuhi ya sherehe kulikuwa na baridi ya Kilolo, ile inayopasua midomo. Mama akampaka Upendo mafuta ya mgando mpaka akang'aa, maana kwetu binti hatoki mlangoni amepauka, sembuse siku ya kuagwa. Nami juu ya mafuta hayo nikapaka poda yangu. Udongo mkavu ukinywa mafuta hukolea rangi. Kabla wakwe hawajafika, mdogo wangu alikuwa mwekundu kama ukuta mpya wa udongo.

Shangazi alimtazama, kisha akanigeukia. "Msomi, umempaka au umemkandika?"

"Ni mafuta," nikasema. "Mama, haya uliyonunua yamechakachuliwa."

"Mafuta tunawapaka tangu mmezaliwa," akasema shangazi. "Poda imekuja jana na basi. Mgeni ndiye anayeuliza desturi za nyumba."

Mama akaenda jikoni. Alichemsha maji, akamwosha Upendo, akampaka mafuta yaleyale, na Upendo akaagwa hivyo hivyo, mzuri kuliko sisi sote. Kisha mama akalificha kopo lake la mafuta chini ya khanga, kana kwamba kweli lina kosa. Alifariki sijamwomba radhi. Mficha uchi hazai, walisema wazee. Mimi niliuficha mpaka nikaanza kuota mvi.

Nawe nasikia umeanza kuchekecha poda jikoni. Vizuri. Funga pua na mdomo kwa kitambaa, na usisage kila jiwe linalong'aa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Lakini kubwa ni hili: jaribu rangi kwenye taya la mwenye uso, nje, mchana, akiwa ameshajipaka mafuta yake. Usimpime mtu kwa mkono wako, hata awe wa tumbo lenu. Na ukikosea, sema umekosea kabla maji hayajachemka. Mungu akujalie mikono mipole, na watu wa kukuvumilia.

Mimi niliwapata bila kujua. Juzi Upendo alinipigia simu; bintiye anaagwa mwezi ujao.

"Dada, tuletee poda."

Nikavuta pumzi, nikamwambia kwamba yale mafuta ya mama hayakuwa na kosa lolote.

Akacheka. "Tunajua. Mama alituambia siku ileile, akatukataza kukusema. Alisema, 'Mwacheni, bado anajifunza.' Wewe njoo mapema tu. Mtoto utamkuta ameshapakwa mafuta."