Nyumba kwa Nyumba

Nilifika Lodwar juu ya magunia ya mahindi, ndani ya lori lililotoka Kitale. Kapenguria nilijifunika koti, Kainuk nikalivua, Lokichar nikajuta kulibeba.

Mjane mmoja wa Kiturkana alinipa kipande cha uwanja wake nijenge vyumba vya kupangisha. Hakutaka bei. Sharti lake lilikuwa kwamba siku nitakapouza, faida tugawane, naye apokee fungu lake kwa mbuzi. Ukame ulikuwa umemwachia zizi tupu. Serikali miaka ile haikudai kodi ya faida ya nyumba, lakini mama alidai yake.

Vyumba vikapanda thamani. Kisha wakimbizi wa Sudan wakaanza kujaa Kakuma, nami miguu ikaniwasha kwenda huko. Mwenye duka mmoja wa huko alitaka kuhamia Lodwar. Tukapatana: vyumba vyangu kwa vyake, na kwa kuwa vyangu vilikuwa bora, aniongeze baiskeli.

Nilikwenda kwa mama na wasiwasi. Kama angetaka fungu lake siku hiyo, ningeuza kila kitu na Kakuma nisiione.

"Ejok, mama," nikamsalimu kwa Kiturkana. "Siuzi. Nabadilisha."

Akatafuna tumbaku kwanza. "Ukitoa dume ukapewa mtamba, umechinja?"

"Sijachinja."

"Basi nyama bado. Fungu langu litakufuata Kakuma."

Nikashukuru, nikageuka.

"Ngoja, mtu wa Kitale! Hiyo baiskeli ina kwato?"

"Haina, mama."

"Basi hiyo ndiyo nyama. Hiyo tunakula leo."

Tuliiuza sokoni. Nusu yake ikawa mbuzi jike mwenye mimba, na zizi likapata mlio.

Huko Kakuma niliwapangisha mafundi cherehani na walimu, nikakaa muda mrefu kuliko nilivyozoea kukaa popote. Madereva wa malori waliniletea salamu zake: "Mama anauliza, mnyama wake hajambo?" Nilijua anauliza fungu lake, nami nikajibu, hajambo, anakula vizuri.

Hatimaye miguu iliwasha tena. Safari hii sikupata wa kubadilishana naye, nikauza. Lori la kusini lilinishusha Lodwar asubuhi, nikapita mnadani kununua mbuzi wa fungu la mama, nikawaswaga hadi kwake.

Alisimama mlangoni pa zizi, akawapapasa mgongo mmoja mmoja wakiingia.

"Leo umechinja," alisema.

"Nimechinja, mama."

"Na hurudi."

Akanijazia kibuyu maziwa ya yule mbuzi wa baiskeli, akanisukuma niwahi lori.

Mikono yangu ilinuka mbuzi hadi Kapenguria, nilipotafuta koti.