Kamati Ilipomuuliza Mkewe

Jumapili, tarehe 9 Oktoba 1994, Ndeti Nyamai, dereva wa lori la baraza la jiji, alisimama mbele ya waumini wa kanisa lake la Kaloleni akasema anataka kuwa mchungaji. Jumamosi iliyofuata, kamati ya watu watatu ilifika nyumbani kwake na kumwomba atoke nje.

Walitaka kuzungumza na mkewe, Mwelu, peke yake. Katika kanisa hilo, kabla mtu hajapelekwa chuo cha wachungaji, anayeishi naye huulizwa kwanza. Shughuli hiyo huitwa kwa Kiingereza, discernment. Neno hilo liliingia Kiingereza kupitia Kifaransa, kutoka Kilatini, na mzizi wake ni kuchekecha, kutenga kitu na kingine. Siku hizi maana yake ni kupima jambo vizuri kabla ya kuamua.

Ndeti alizunguka nyumba. Alikaza kamba ya nguo ambayo haikuwa imelegea. Alikwenda hadi bombani akarudi bila maji.

"Niaje, pasta!" jirani yake, Odera, alimwita. "Bado wanakuchekecha?"

"Wanaongea tu."

"Mtihani anafanya bibi, jasho linakutoka wewe!"

Ndeti akasogea karibu na dirisha. Ndani, mwenyekiti wa kamati, Roseline Nabiswa, alikuwa ameuliza: mtu akija na shida, Ndeti humsikiliza mpaka amalize? Mwelu alijua jinsi mumewe alivyoitaka kazi hii. Tangu Jumapili Ndeti hakuwa akipata usingizi, anageukageuka tu kitandani.

"Ana roho nzuri, Mama," alisema mwishowe. "Mtu akifiwa, yeye ndiye wa kwanza kufika. Lakini kusikiliza..."

Mlango ukafunguliwa. "Nasikiliza sana!" alisema Ndeti, akimgeukia mkewe. "Mama Kyule, waambie vile nilimsaidia yule..."

"Baba Kyule, sijamaliza."

Ndeti alibaki ameshika kitasa. Roseline alimwonyesha kiti, na Mwelu akaendelea mumewe akisikia: watu humletea shida zao, naye huwapa jibu kabla hawajafika katikati. Kisha watu hao humfuata Mwelu jikoni, wamalizie huko.

Kamati haikumkataa, wala haikumkubali. Kwa mwaka mmoja, kila Jumapili alasiri, Ndeti atafuatana na Roseline kuwatembelea wagonjwa. Hatahubiri, atakaa asikilize. Kesho wataanza na mzee Wathome, mstaafu wa reli, ambaye tangu apooze huongea polepole sana.