Vibuyu vya Ipagala

Siku niliyosikia kwamba misheni inataka kufungua kwetu Ipagala nyumba ya kulelea watoto wadogo mama zao wakiwa shambani, nilikimbia nyumbani kwa furaha. Nilikuwa nimepeleka maziwa kwenye nyumba yao ya kwanza, ile ya karibu na stesheni ya Dodoma, na Bibi wa misheni hata hakuwa amemaliza kusema. Enzi hizo za Mdachi mke wa mtu hakukimbia ovyo njiani. Mimi nilikimbia, kaniki mkononi, na walionicheka niliwacheka pia.

Nilikuwa na sababu. Mwanangu alikuwa na miaka miwili. Nilipokwenda kutayarisha shamba nilimwacha nyumbani na bibi yake mume wangu, kikongwe asiyeona, na siku chache nyuma mtoto alikuwa ametumbukiza mkono kwenye majivu ya moto. Nyumba ya stesheni ilikuwa imejaa pomoni. Mvua zilikuwa zinakaribia, na kila nilipoona wingu nilipata homa.

Lakini kulikuwa na sharti. Chama cha akina mama huko ng'ambo, waliokuwa wakichanga kwa ajili ya watoto hawa, walitaka kwanza kujua Ipagala kuna watoto wangapi. Wakionekana wachache, nyumba itajengwa Gulwe, stesheni nyingine ya reli.

Nilizunguka kila nyumba nikiita. Asubuhi yake kiwanja kilijaa akina mama na watoto mpaka nikaona fahari, kana kwamba wote nimewazaa mimi. Na kwa furaha ile nikasahau jambo ambalo hata mtoto wa kwetu analijua. Sikumwonya Bibi.

Bibi alinyoosha kidole. "Moja, mbili, tatu..."

Kwetu mtoto hahesabiwi. Ukimuuliza baba ana watoto wangapi atakujibu, "Wapo," basi, maana ukiwahesabu ni kama unakionyesha kifo pa kuanzia. Alipofika nne, mbeleko zilianza kufunika vichwa. Alipofika saba, kiwanjani tulibaki mimi, Bibi na mbuzi mmoja mwenye kiburi.

Mama mkwe alirudi akanijia juu. "Mke wa mwanangu, umetuletea mtu wa kutuhesabia watoto? Anachimba makaburi?"

Bibi aliniuliza kwa nini wamekataa.

"Hawajakataa, Bibi," nikasema. "Umewahesabu."

Nilipomweleza uso ulimwiva, akaomba radhi. Lakini bila hesabu hakuwa na cha kuandika, na barua ingeondoka na gari moshi keshokutwa. Nilimkasirikia yeye, nikajikasirikia mimi, nikaikasirikia Gulwe nzima ambayo haikunikosea kitu.

Jioni nilikuwa nikimnywesha mwanangu uji. Kwetu kila mtoto alikuwa na kibuyu chake, na mama yake alikichora kwa chuma cha moto ili kisichanganywe na cha mwingine. Nikakiangalia kile kibuyu. Nikaanza kucheka peke yangu hadi mume wangu akaja kuchungulia. Nani amewahi kukataza kuhesabu vibuyu?

Nilipita tena nyumba kwa nyumba. Niliwaambia wazi: watoto wabaki ndani, leteni vibuyu vyao tu. Asubuhi wanawake walikuja, lakini walisimama mbali, kila mmoja na kibuyu kifuani, wakimtazama mama mkwe wangu, maana ndiye aliyewaongoza katika ngoma na katika mengi mengine. Yeye alivitazama vibuyu, kimoja baada ya kingine. Kisha akanipokonya kibuyu cha mwanangu, akaenda nacho mbele ya Bibi, akakiweka chini.

"Hiki ni kibuyu," akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia.

Wengine wakafuata. Bibi alihesabu kwa kidole chake kilekile, na safari hii wanawake walimsaidia, wakimsahihisha aliporuka kimoja. Alipopita arobaini nilishindwa kujizuia, nikapiga vigelegele, na Ipagala yote ikanipokea.

Jibu la kukubali lilikuja stesheni kwa simu ya waya. Nyumba tuliijenga wenyewe, tembe refu la udongo, wanaume wakikata miti na sisi tukikandika. Wanawake wawili wa kwetu waliwekwa kulea, kupika uji na kuimbisha. Mvua ya kwanza ilitukuta tayari.

Siku ya kufungua nilimkabidhi mwanangu mlangoni, nikaenda shambani moyo mwepesi. Nililima kipande ambacho zamani kingenichukua siku tatu. Niliimba, nikawatania majirani, kisha nikajikuta nasimama kila mara kusikiliza kama analia. Jua lilipofika kichwani nilitupa jembe nikakimbia kumchukua.

Alikuwa katikati ya wenzake, uji mpaka masikioni, akipiga makofi. Nikamwita. Aliniona, akanichekea vizuri kabisa, kisha akawageukia wenzake na kuendelea na wimbo. Na mimi, niliyeipigania nyumba ile kuliko mtu yeyote, nikakaa pale mlangoni nikalia.