Shemeji alivyomchimbia mama mkwe chumba cha Australia hapa Temple Hills

Wakuu, heshima kwenu. Hii si chai, nimeiona kwa macho yangu, na mhusika mwenyewe ni member humu. Asome tu.

Dada yangu alikuwa anakaribia kujifungua. Mama akapata visa, aje kutoka Tanga amlee mpaka arobaini iishe. Huku ughaibuni mzazi akikosa mama anabaki na kichanga peke yake, mume yuko job.

Sasa nyumba ina vyumba viwili, vimegusana. Mnajua wenyewe, mama mkwe na mkwewe hawawezi kulala ukuta kwa ukuta.

Shemeji ni mtu wa IT kule Herndon, mtu wa kushinda kwenye video. Akakutana na mji mmoja wa jangwani Australia, wa wachimba vito, joto limewafukuza watu mpaka chini ya ardhi. Wanatoboa mwamba, wanapata sebule. Mgeni akija wanamchongea kitanda ukutani.

Akasema contractor wa nini, basement tunayo, na upande mmoja ni udongo mtupu.

Nikamwambia kule ni mwamba mkavu, hapa ni udongo wa mfinyanzi na mvua. Akasema sina exposure.

Basi jamaa aka-dig kila weekend. Akachonga shimo ubavuni mwa ukuta, refu kama mtu, akalipaka chokaa, akaweka godoro na taa. Kusema kweli lilipendeza. Ujinga nao ukipakwa rangi unapendeza.

Mama akafika. Akashushwa basement na baibui lake, shemeji mbele anaeleza Australia. Mama akalitazama lile shimo.

Aliyewahi kushuka kaburini kuzika anajua. Ndivyo tunavyochonga mwanandani, pale ubavuni anapolazwa maiti.

Akauliza taratibu, "Mwanangu, na kibla umeniwekea upande gani?"

Dada akaanza kulia, akijua mama anarudi Tanga. Hata mimi mwenye mdomo niliona aibu.

Mama hakurudi. Alipanda juu, akaweka begi lake chumbani kwa mwenye nyumba, akajilaza pembeni ya binti yake. Mtoto kazaliwa, wa kike, mzima.

Shemeji je? Arobaini haijaisha, chumba cha pili ni ukuta kwa ukuta na mkwewe, analala mwanandani. Mvua ikinyesha anahama na godoro lake.

Funzo: kabla hujamjengea mtu chumba, muulize yeye. Video haitalala humo.

Anayetaka kumtetea shemeji achangie hapa chini, ila aje kwanza alale humo usiku mmoja.