Fundi Aliponiambia Nivue Viatu

Mnunuzi alitaka tukutane Lusahunga saa nane mchana. Angetoka Mwanza na lori la kubebea magari mabovu, na gari langu halikuwa bovu. Hilo ndilo lililonikera tangu tulipoongea kwa simu. "Mzee, bodi siitaki," aliniambia. "Nataka injini na gia boksi. Mengine nitachinja." Alilitamka neno kuchinja kama mtu anayepanga kuku wa sikukuu. Nikamjibu sawa, karibu, nikakata simu, nikakaa sebuleni nikiitazama simu hadi mke wangu akauliza kama kuna msiba.

Gari lenyewe ni saluni nyeupe ya petroli, silinda sita, yenye turbo, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Nimekuwa nalo miaka kumi na tisa. Walimu wenzangu pale Ngara walinunua pikapu na magari yenye miguu mirefu, wakanicheka mimi niliyeleta gari linaloburuza tumbo kwenye nchi ya milima. Waache wacheke. Sikulinunua kwa akili, nami ni mwalimu wa fizikia, naijua tofauti. Nililinunua kwa sababu nilipolijaribu mara ya kwanza lilinibana mgongo kwenye kiti, nikacheka peke yangu kama mtoto. Tangu siku hiyo malori ya Rwanda na Burundi yanapanda vilima yakihema, na mimi nayapita nikiwa nimetulia, mkono mmoja kwenye usukani. Mke wangu huita hiyo dhambi ya kiburi. Mimi huita haki yangu.

Lakini miaka ya karibuni kila anayeliona huniuliza litadumu mpaka lini. Madereva wa malori husimulia kwamba ng'ambo ya mpaka wa Rusumo pikipiki za umeme zimejaa na magari yanafuata, na kwamba petroli itakuja kuwa kama mafuta ya taa, kitu cha kumsimulia mjukuu. Sijui kama ni kweli. Ninachojua ni kwamba spea mpya hazipo tena. Kila kitu nilichofunga tangu zamani kidogo kimetoka kwenye gari jingine la aina hiyo lililochinjwa mahali fulani, kwa hiyo kila langu likipona najua ndugu yake amekufa. Na sasa zamu yake ilikuwa imefika.

Kisa kilikuwa breki. Mara ya kwanza zilinisaliti getini kwangu, nikaangusha migomba mitatu. Mara ya pili ilikuwa kituo cha mafuta, nikaligonga pipa la mchanga na watu wakatawanyika. Baada ya hapo mke wangu alisema neno moja tu: liuzwe. Ni mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, na mtu aliyefundisha darasa la kwanza miaka thelathini hasemi neno mara mbili. Yeye mwenyewe ndiye aliyemtafuta mnunuzi, akanikabidhi namba. Nilikubali, ila moyoni nilikuwa na mpango wangu. Fundi wangu yuko Lusahunga. Ningefika kwake mapema, angeitafuta ile hitilafu, na akiipata kabla ya saa nane, mnunuzi angerudi Mwanza na lori tupu. Asipoipata, basi tena. Sikumwambia mke wangu. Yeye naye alipanda gari asubuhi hiyo bila kualikwa, mkoba mapajani, na wala sikuuliza kwa nini. Alikuja kuhakikisha nauza.

Tuliondoka saa moja. Niliendesha taratibu kuliko nilivyowahi kuendesha tangu nilinunue, malori yakanipita mimi, na kila lililonipita lilinichoma. Kwenye miteremko nilijaribu breki mapema, na kila mara zilishika. Nikaanza kupata matumaini ya kijinga. Nilijiambia labda lilikuwa tope, labda hewa kwenye mpira, labda limejiponya. Mtu anayependa kitu hukosa haya.

Tulipokaribia Nyakahura ng'ombe walikuwa wanavuka. Si wengi, kumi hivi, na nyuma yao mwanamume mwenye fimbo na koti la mvua. Niliwaona kwa mbali vya kutosha. Nilikanyaga breki. Gari halikusita. Nilikanyaga tena kwa nguvu zangu zote, injini ikanguruma, na yule ng'ombe wa mwisho akageuza kichwa akanitazama. Sikumbuki niliamua nini. Nilivuta hendibreki, nikakata kushoto, tukapita katikati ya mkungu wa ndizi na gunia la mkaa vilivyopangwa kuuziwa wasafiri, na gari likazima likiwa limeinama kwenye nyasi. Ng'ombe alikuwa hatua moja kutoka kwenye kioo changu. Niliisikia pumzi yake.

Mwenye ng'ombe alikuja dirishani. Nilitegemea fimbo. Alinichungulia, akanichungulia tena, akasema, "Mzee, balabala hii ni yetu sote," kisha akaenda kuwafuata wanyama wake. Afadhali angenitukana. Mke wangu alikuwa ameushika mkoba kwa mikono miwili, na kuanzia pale hadi Lusahunga, nikienda mwendo wa baiskeli, hakunigeukia hata mara moja.

Fundi wangu ni mzee wa rika langu aliyetoka Shinyanga zamani akafungua banda la bati karibu na malori yanapolala. Ana desturi moja ambayo vijana wa pale humtania nayo: hajaribu gari akiwa na viatu. Anavivua, anavipanga kando ya ngazi ya banda, anafuta nyayo kwa kitambaa, ndipo anapanda. Husema kiatu kinasema uongo. Amelishika gari langu tangu lilipokuwa jipya kwangu, na miezi ile alikuwa ameshabadilisha pedi, masta silinda na mafuta ya breki yote. Nilimweleza kilichotokea Nyakahura, kwa haraka, nikitazama saa. Ilikuwa saa tano kasoro.

Alilipeleka barabarani akalirudisha. Alilipeleka tena, safari hii kwa kasi, akalisimamisha mbele yetu mpaka vumbi likatufunika. Akashuka, akaingia uvunguni, akatoka.

"Mwalimu, breki haina shida."

"Ina shida," nilisema. "Imetaka kutuua asubuhi hii. Muulize huyu."

Mke wangu aliitikia kwa kichwa, bila kumtazama yeyote.

"Injini ilinguruma ulipokanyaga?"

"Ilinguruma."

"Breki ikikanyagwa, injini haingurumi."

Nilikasirika. Nilimwambia nimefundisha fizikia tangu yeye hajajua kushika spana, jambo ambalo si kweli, na kwamba kama amezeeka aseme nitafute fundi mwingine. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Halafu akasema, kwa upole ulioniudhi zaidi, "Panda uendeshe wewe, nikuone. Vua viatu."

Miaka kumi na tisa hakuwahi kuniambia hivyo. Pale palikuwa na madereva wanakunywa chai, wengine niliwafundisha, na mimi nilivaa viatu vyangu vya ngozi vya kwenda kufanya biashara. Nikamwambia mimi si mtoto wa kuchezea matope.

"Vua," alisema mke wangu. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu Nyakahura.

Nilikaa kwenye ngazi nikavua cha kushoto. Nikavua cha kulia, nacho kikagoma, nikakivuta kwa nguvu. Soksi ilikuja nacho imeloa. Niliitazama nisielewe ni maji gani. Ilikuwa damu, nyeusi kisigino chote, na ndani ya kiatu ncha ya msumari wa bati ilikuwa imechomoza kupitia soli. Asubuhi, kabla ya safari, nilikuwa nimepigilia bati la banda la kuku nikiwa na viatu hivyo hivyo. Nilikuwa nimeukanyaga msumari ule tangu Ngara.

Fundi alipiga magoti mbele yangu. Aliniambia nitazame juu, kule kwenye malori, nikatazama. Nilisubiri aanze.

"Umesikia?" aliuliza.

"Nisikie nini? Bado hujagusa."

"Nimegusa mara tatu, mwalimu."

Nilipoinamisha macho alikuwa ameshika spana, ncha yake ikiwa imebana kidole gumba cha mguu wangu mpaka kimekuwa cheupe.

Ninaumwa sukari kwa mwaka wa nane sasa. Kliniki waliniambia nikague nyayo zangu kila siku, nikaona hayo ni mambo ya wazee. Vidonge nilimeza nilipokumbuka. Ganzi ilipoanza nililaumu viatu, halafu nikalaumu baridi ya Ngara, na ilipofika kwenye breki nikalilaumu gari. Getini, kwenye kituo cha mafuta na kwa wale ng'ombe, mguu wangu ulikuwa juu ya pedeli ya mafuta nami sikujua, kwa sababu haukuwa na habari yoyote ya kuniletea. Nilikuwa nimemfunga gerezani asiye na kosa, na mchinjaji alikuwa njiani.

Nililia, mbele ya madereva. Sikulia kwa ajili ya mguu; mguu nilikuja kuulilia baadaye. Nililia kwa sababu fundi hakuwa na cha kutengeneza, na hivyo mpango wangu wote ulikuwa umekufa. Gari zima, mimi mbovu, na gari lisilo na dereva ni bati tu. Mke wangu alichukua dumu la maji ya rejeta, akauosha mguu wangu pale pale kwenye ngazi, akaufunga kwa kitambaa chake cha kichwa. Niliusubiri ule ubaridi wa maji. Haukuja.

"Mpigie mnunuzi aje haraka," nilimwambia. "Tumalize."

Hakupiga, lakini mnunuzi alifika kabla ya saa yake, saa saba hivi, kijana mcheshi mwenye tochi shingoni. Alinisalimu shikamoo, nikaitikia. Akafungua boneti, akamwomba fundi awashe. Injini iliwaka mara moja, ikatulia, laini, bila kutikisa hata kikombe cha chai kilichokuwa juu ya meza. Alisikiliza huku ametabasamu. Nilimchukia kwa tabasamu lile. Alikuwa anaijua thamani ya alichokuwa anakisikia, na hata hivyo angelikata.

"Mali safi," alisema. "Basi wazee, tuandikishane."

Mke wangu alimgeukia fundi. "Injini hii ina miaka mingapi bado?"

Fundi alikuna kichwa. "Ikitunzwa? Mama, itamzika mwalimu, na mimi, halafu ndipo itafute spea."

Mke wangu akamwambia mnunuzi, "Baba, samahani, umesumbuka bure. Gari haliuzwi."

Kijana aliduwaa. "Mama, si wewe ndiye uliyenitafuta?"

"Ndiye mimi. Nilidhani gari ndilo linaloumwa."

Yule kijana alibishana kwa adabu, akakumbusha mafuta aliyoyachoma kutoka Mwanza, na hakuwa na kosa. Fundi alimvuta pembeni, akampa chai, akamwonyesha pikapu iliyokufa nyuma ya banda. Wakaanza kuzozana kuhusu hiyo. Mimi nilimuuliza mke wangu kama ana akili timamu. Nani ataliendesha? Petroli yenyewe hatujui kesho yake, mafundi wake wanazeeka, na yeye mwenyewe ndiye aliyesema liuzwe.

"Kliniki nitakupelekaje?" alisema. "Kwa bodaboda, na mguu huo? Gia yake si ya kujiendea yenyewe?"

"Ya otomatiki, ndiyo. Lakini lina nguvu. Litakutupa."

"Nimetupwa na watoto arobaini kwa mpigo."

Katika miaka kumi na tisa sijawahi kumwachia usukani, hata kulisogeza chini ya kivuli. Nilikuwa na sababu nyingi, na zote zilikuwa uchoyo. Fundi alitupeleka kwanza zahanati ya karibu wakanisafisha kidonda na kunichoma sindano, na muuguzi akanipa maneno ninayostahili. Kisha fundi akaturudisha kwenye uwanja ambao malori yalikuwa yameshauacha, akashuka, akampisha mke wangu kwenye usukani, yeye akaketi nyuma. Mimi nilizungukia kushoto nikichechemea. Mlango ule sikuwa nimewahi kuufungua kwa ajili yangu. Nilipapasa kitasa.

Mke wangu alivua ndara zake akazipanga nje. Gari lilipoanza kutambaa aliushika usukani kama kitoto kichanga, midomo imekaza. Tulikwenda mita ishirini. Nilitaka kumwambia kila kitu kwa wakati mmoja. Niseme ukweli, nilimwonea wivu mke wangu kuliko nilivyowahi kumwonea mtu yeyote.

"Sasa breki," nilisema. "Pole pole."

Alikanyaga. Gari lilisimama bila kishindo.

"Inasikikaje?" nilimuuliza.

Alitazama mguu wake, akakanyaga tena, akaachia. "Mwanzo ni laini," alisema. "Halafu inakataa."

Nilimwomba arudie, anieleze tena.