Mtoto wa Sabuni Kando ya Bahari

Walipofika kwenye sanamu ya nne ya maonyesho ya ufukweni, Mama Kipande alikuwa ameshakunja pua mpaka mashavu yanamuuma.

"Na hii nayo ni nini?" aliuliza wifi yake, dada wa mumewe, aliyekuja na viatu vyake vya kutokea, ambavyo sasa vilikuwa vimejaa mchanga.

Yalikuwa magodoro. Magodoro sita yaliyosimamishwa kando ya njia ya ufukweni, yameegemeana kama walevi, madoa yote yametazama bahari. Watu waliyazunguka polepole, mikono mgongoni, wakitikisa vichwa kwa heshima. Mama Kipande alikuwa na mwaka wa tano akisafisha vyumba vya hoteli, ghorofa ya tatu, na madoa ya godoro aliyajua kama mwalimu anavyojua miandiko ya wanafunzi wake. Alivuta kanga aliyombebea mwanawe, akamfunika uso asiivute ile hewa.

"Hilo la kati ni la kikojozi," alisema. "Tena mtu mzima. Twende wifi, kabla sijatapika."

"Yaani meneja wenu kakualika uje utazame mikojo? Si unaiona kazini kila siku?"

"Alisema kuna kitu kitakachonifurahisha."

"Haya. Tufurahi basi."

Jina la Mama Kipande alipewa na wenzake kazini, kwa ajili ya vipande vya sabuni. Huyo mtoto aliyekuwa mgongoni alizaliwa miezi kumi iliyopita, na siku hiyo nesi wa wodi ya wazazi alinawa kwa maji matupu, akajifutia kwenye gauni lake, akasema, "Nisamehe mwanangu, sabuni imetuishia tangu Jumatatu." Kwenye kitanda cha pili yake, kitovu cha kichanga wa mwenzake kilivimba kikatoa usaha, na harufu ile haikumtoka puani. Siku ya kuruhusiwa alimwambia nesi, "Mimi nitakuletea sabuni mpaka useme basi." Nesi akacheka, cheko la mtu aliyekwisha kuahidiwa mengi.

Aliporudi kazini akaanza kuokota. Mgeni hunawa mara mbili, akaondoka, akaiacha sabuni ikilowa kwenye sinki. Ilikuwa kazi ya kinyaa, tusidanganyane. Vile vipande vilikuja na nywele za kifua, za kwapa, na nyingine heri tusiulize zilitoka wapi. Alivikwangua kimoja kimoja kwa kisu butu kilichokaa mfukoni mwa sare, akavianika juu ya gazeti kwenye dirisha la chumba cha kufulia, akavitia kwenye viroba. Wenzake wa ghorofa nyingine walimcheka, kisha wakamsaidia, ingawa kukwangua hawakukwangua. Meneja aliposikia akasema vizuri sana, hoteli yenyewe itaipeleka ikayeyushwe upya, halafu wodini, kwa gari lake. Wiki mbili zilizopita viroba kumi na vinne vikaondoka. Jioni ile ile akampigia nesi: "Mama, inakuja." Tangu hapo nesi ndiye aliyekuwa akimpigia yeye: "Mwanangu, mbona gari hatulioni?"

Walipopinda kona ya mawe, harufu ndiyo iliyomfikia kwanza. Limau. Limau ile ile inayomganda mikononi mpaka anakula chakula chenye ladha ya sabuni.

Mtoto mkubwa kama gari dogo alikuwa amelala chali juu ya mawe, mweupe, miguu juu, mahali ambapo wimbi lilimrushia maji. Kwa mbali alipendeza. Kwa karibu alikuwa vipande. Maelfu ya vipande vilivyoshindiliwa hivyo hivyo, na kwenye shavu, kwenye paja, mpaka kwenye mdomo, nywele zilijikunja nyeusi na nyekundu zikipepea kwa upepo. Mama Kipande alihisi mate yamejaa kinywani, yale yanayotangulia matapishi.

"Atayeyuka," msanii, kijana mwembamba mwenye kofia, alikuwa akiwaeleza watu. "Kuisha kwake ndiyo sanaa yenyewe. Karibuni, mguseni, mnawe."

Ndoo ya maji ilikuwepo. Watu walinawa wakicheka, povu la kijivu likateremka mchangani. Bibi mmoja alimnyanyua mbwa wake aliyekuwa amekanyaga uchafu, akamsugua miguu yote minne kwenye tumbo la mtoto yule, akimwimbia.

"Kaka," Mama Kipande alimwita msanii. "Hii sabuni si ilikuwa ya wodi?"

"Wodi gani, dada? Mimi niliambiwa ni taka za hoteli."

"Taka."

"Ndivyo nilivyoambiwa." Kijana alivua kofia, akaivaa tena.

Meneja alikuwa amewaona. Alikuja na bilauri yake mkononi, uso unang'aa. "Mama Kipande! Umeona? Hebu soma kibao! 'Kwa msaada wa wafanyakazi wa vyumbani.' Hao ndio nyinyi!"

"Bosi, na hospitali?"

"Hatujawasahau! Tutawapelekea picha yake, kubwa, ndani ya fremu. Waitundike wodini."

Mama Kipande alimtazama meneja kama anavyotazama choo alichoacha mgeni bila kuvuta maji.

Na mtoto wake mwenyewe naye, kama aliyengoja zamu, akajikunja mgongoni, akaguna, akamaliza. Harufu ilitoka.

"Huyu naye kachagua leo," wifi alinong'ona. "Tutafute choo."

"Ngoja." Alimgeukia msanii. "Umesema kila mtu anaruhusiwa kunawa?"

"Kila mtu."

"Hata kufua?"

Watu wakacheka. Msanii naye akacheka. "Hata kufua, dada."

Alimteremsha mtoto, akamfungua, akampa wifi amshike. Kisha akaikunjua nepi mbele za watu, akaichovya kwenye ile ndoo, akaanza kuisugua kwenye goti la kulia la ile sanamu. Alisugua kwa mikono miwili kama yuko nyumbani kwake. Povu likawa la rangi ya haradali.

Cheko lilikatika. Mtu akaziba pua. Bibi wa mbwa akapiga ukelele, akakimbilia ndoo kujisuuza, akakuta maji yamechafuka.

"Mlinzi!" meneja alifoka. "Wewe mwanamke una wazimu? Nani atakayeshika tena uchafu huo?"

"Kwa hiyo sasa ni taka kweli?"

"Takataka kabisa!"

"Haya bosi. Taka huwa naziondoa mimi."

Akanawa kwa maji ya wimbi, akatoa kile kisu cha kazini alichozoea kutembea nacho. Hakugusa goti lile. Alizunguka upande wa pili, ambao haujashikwa wala kusuguliwa mbwa, akaanza kukata mguu wa kushoto kwenye nyonga. Mlinzi alifika, akamtazama meneja, akamtazama msanii. Kisu kilikuwa butu na sabuni imeshindiliwa. Msanii, uso umemwiva, akapiga magoti mchangani akaushikilia ule mguu usianguke.

"Kata juu kidogo," alisema. "Ndani kuna waya."

Walirudi kwa njia ile ile, Mama Kipande na mtoto mgongoni, wifi na viatu mkononi, mguu wa sabuni katikati yao ndani ya kanga ya wifi, ukinuka limau mbele ya magodoro.

"Kesho bosi atakufukuza," wifi alisema.

"Kwa kuondoa taka?"

Hakumfukuza. Alimhamishia vyoo vya chini, vya wageni wanaopita tu, na huko alikuta mambo ambayo hakuwahi kuyaona ghorofa ya tatu. Jioni alikuwa akiyeyusha sabuni kwenye sufuria kuukuu, akiopoa nywele kwa chujio na kutema mate nje ya mlango kila dakika. Msanii alimletea mguu wa pili, bila lile goti, na mikono yote. Kichwa wimbi lilikuwa limekwisha kukila.

Nesi aliupokea mche wa kwanza akaunusa. Alinawa hapo hapo, mpaka viwikoni, polepole, maji yakiteremka na povu jeupe. Mama Kipande alisimama pale akiliangalia lile povu, na kwa mara ya kwanza tangu ufukweni alimeza mate yake bila shida.

Picha nayo ilifika, ndani ya fremu. Nesi aliitazama, akamuuliza, "Hizi ni nywele?"

"Usiulize, mama."

Nesi akaigeuza ikatazama ukuta.